Naomba ushauri: sarafu za marehemu nyanya, nizisafishe au niziache?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tulipokuwa tukihamisha vitu vya marehemu nyanya hapa Mji wa Kale, tulikuta mkebe wa majani ya chai umejaa sarafu. Nyingi ni ndururu zile zenye tundu katikati, za enzi ya shilingi ya Afrika Mashariki, kabla Kenya haijatoa shilingi yake 1966. Nyanya alizitunga kwenye uzi kama tasbihi.

Lakini chini kabisa mlikuwa na pesa moja ya shaba ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani. Ina mizani upande mmoja, na chini yake limeandikwa jina Mombasa. Mji wetu, kwenye sarafu! Nilishindwa kuiweka chini.

Imeshika kutu ya kijani. Mjomba ataka kuisugua kwa ndimu na majivu. Mimi naogopa maandishi yatafutika. Sonara mmoja naye ataka mkebe mzima kwa bei ya kilo, roho yakataa.

Aliyewahi kutunza sarafu kongwe aniambie: kutu hii yaondolewaje? Na nikiipeleka makumbusho ya Fort Jesus waitazame, nianzie kwa nani?