Naomba ushauri: nimwonyeshe mdogo wangu hii muvi ya kamari au niache?

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu. Mdogo wangu amezama kwenye mikeka ya kubeti, mwezi uliopita kauza hadi jiko la gesi la mama ake halafu anatuambia eti limeibiwa. Tumemsema mpaka tumechoka, sasa juzi nikaangalia The Gambler, ile ya zamani ya 1974 ya James Caan, sio ya Mark Wahlberg ya 2014, nikabaki nimeduwaa maana ni yeye kabisa.

Jamaa ni mwalimu wa fasihi chuoni New York, msomi, familia ya pesa, ila anadaiwa dola 44,000 za kamari. Mama ake daktari anahangaika benki anampa hela alipe deni, we, jamaa anaenda nazo Las Vegas na demu wake! Kilichonimaliza ni pale kwenye karata za blackjack, zile za kutafuta 21 bila kuipita, ana 18 mkononi, mtu mwenye akili anatulia, yeye anaomba nyingine na inakuja 3, 21 hiyo. Halafu baadae hela zote zinaishia kwenye mechi za basketi, yupo kwenye bafu anasikiliza redio.

Hofu yangu ni hiyo 3. Dogo anaweza akaona ushindi tu akapata mzuka zaidi, si unajua hawa watu wanakumbuka mkeka uliotiki mmoja, ile iliyochanika hawaikumbuki.

Kuna aliyewahi kuangalia na mtu wa hivi? Tuangalie wote au nimpe kwenye flashi aangalie mwenyewe? Na mama ake awepo?