Ofisi 45 za hundi imebaki moja. Hela yangu inasubiri nini siku saba?

Mleta mada, Columbus, Ohio

Wakuu, heshima mbele. Tujadili hili bila matusi.

Mwezi uliopita bima ilinilipa dola 7,400 baada ya jamaa kunigonga gari kwa nyuma. Jumatatu asubuhi nikaipeleka hundi benki, dirishani, si kwa simu. Nikapewa karatasi: dola 275 kesho, zilizobaki Jumatano ya wiki ijayo, sababu "kiasi kikubwa". Alhamisi nikawapigia bima. Dada aliyepokea akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema hela ilishatoka kwao tangu Jumanne. Kwao imetoka, kwangu haijaingia. Imelala wapi?

Nikaanza kuchimba. Sheria ya hapa Marekani kuhusu muda wa benki kushikilia hela ya hundi ni ya 1987, na utekelezaji wake uko kwenye Kanuni CC ya Federal Reserve, yaani benki kuu ya hapa. Zamani hundi ziligawanywa mbili. Ikiwa benki uliyoweka hundi na benki iliyotoa hundi ziko chini ya ofisi moja ya Federal Reserve ya kuchakata hundi, hiyo ni hundi ya karibu: siku mbili za kazi. Zikiwa ofisi tofauti, ni ya mbali: siku tano. Ilikuwa na mantiki, maana karatasi ilipakiwa kwenye ndege usiku na kupelekwa inakotakiwa. Septemba 2001 ndege zilipozuiwa kuruka, hundi za mabilioni ya dola zilikwama njiani.

Halafu likaja wimbi la kufunga ofisi. Mwaka 2003 zilikuwa 45. Watu walikuwa wameanza kuhama hundi, na sheria ya 1980 inaitaka Federal Reserve irudishe gharama za huduma hiyo kutoka kwa benki zenyewe, kwa hiyo haikuweza kuendelea kulipia mashine zisizo na kazi. Oktoba 2004 sheria ya kuruhusu picha ya hundi kuchukua nafasi ya karatasi ikaanza kutumika. Kila ofisi ilipofungwa, Kanuni CC ilirekebishwa: kiambatisho chenye orodha ya ofisi na zile namba zinazochapwa chini ya hundi kinaandikwa upya, na hundi ambazo jana zilikuwa za mbali leo zinageuka za karibu. Tarehe 27 Februari 2010 ikabaki Cleveland peke yake kwa karatasi. Nchi nzima, kuanzia Maine mpaka Hawaii, ikawa eneo moja. Hundi ya mbali ikafa kisheria.

Swali langu: umbali umekufa, siku mbona hazijafa? Sheria ile ya 1987 yenyewe inaiagiza Federal Reserve ipunguze muda kadiri mfumo unavyoboreka. Mwaka 2011 walipendekeza nyongeza ya siku tano juu ya zile mbili, hii iliyonikuta mimi, iwe siku mbili, yaani jumla nne badala ya saba. Ikaishia kwenye makaratasi. Marekebisho ya 2017 yaligusa namna benki zinavyokusanya na kurudishiana hundi, siku za mteja hayakuzigusa. Mimi nasema benki wananufaika na hela zetu zikiwa zimelala. Nipingeni.

Mchangiaji, Dallas

Pole na gari, kaka. Nimekaa dirishani benki miaka sita, nakupinga nusu.

Kwanza benki yako imekosea. Kwa sababu ya "kiasi kikubwa" wanaruhusiwa kuchelewesha kile kinachozidi dola 6,725 tu. Kwako ni dola 675. Zilizobaki ulitakiwa uzikute Jumatano ya wiki ileile. Nenda na ile karatasi, muone meneja, usikubali kuzungushwa.

Pili, hesabu zako zimeruka kitu. Umeweka Jumatatu. Benki ya bima ikaletewa picha Jumanne. Ina mpaka saa sita usiku wa Jumatano kuamua kama inalipa au inarudisha. Ikirudisha, lazima iwafikie benki yako kabla ya saa nane mchana Alhamisi. Sasa angalia: kisheria wewe unapewa hela Jumatano, wakati benki inaweza kujua Alhamisi kwamba hundi imegoma. Tayari benki inakutangulizia! Hilo pengo ndilo matapeli wanaishi humo. Nimewahi kumwona bibi wa watu analia mbele yangu: katumiwa hundi, kaona hela "imeingia", kamtumia tapeli, hundi ikarudi, deni likawa lake.

Na hundi zinaibwa posta, zinaoshwa wino, jina linaandikwa jipya. Taarifa za hundi za wizi ambazo benki ziliripoti serikalini zilikuwa zaidi ya 350,000 mwaka 2021, na 2022 zikapita 680,000. Ukipunguza siku, unamsaidia nani?

Mchangiaji, Nairobi

Kwani cheki bado zipo huko? Huku tangu 2009 cheki ya zaidi ya shilingi milioni moja haipiti kwenye klia, yaani mfumo wa benki kubadilishana cheki, hela kubwa inaenda benki kwa benki moja kwa moja. Nyinyi mnapigania siku, sisi tuliipunguza cheki yenyewe.

Mchangiaji, Minneapolis

Nairobi tulia, mwenye nyumba wangu hapokei kitu kingine. Ila mnaongelea ofisi kama mabati. Zile mashine zilikuwa na watu wa zamu ya usiku. Hilo halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote hapa.

Mleta mada

Dada wa Dallas, asante. Nimerudi kwa meneja na karatasi, akaisoma mara mbili, hela imeachiwa kabla sijatoka nje.

Kwenye siku mbili umenishinda. Sizigusi tena. Ila ile saa nane ya Alhamisi umenipa mwenyewe. Ikipita bila hundi kurudi, kuanzia hapo mpaka Jumatano inayofuata benki inasubiri habari gani?

Mchangiaji, Dallas

Inasubiri madai ya hundi iliyooshwa. Mwenye hundi anakuja kugundua akipata taarifa yake ya mwezi.

Mleta mada

Mwezi! Basi saba nazo hazimkamati mwizi huyo.

Mchangiaji, Dallas

Hazimkamati. Lakini nne ndio kabisa. Ungekuwa upande wangu wa kioo ungetaka hata kumi.