Fundi kaniuzia boti ya YouTube inayokufa kila Jumamosi, na kuifufua ananitoza elfu 15

Wakuu, nina hasira mpaka chakula hakipiti. Wasimamizi, msiuunganishe na ule uzi wa simu feki za Kariakoo, huu ni wizi mwingine.

Nina kichaneli changu YouTube, nachambua mechi mubashara nikiwa chumbani kwangu Mwananyamala. Watu mia, mia na hamsini, si haba. Kero ilikuwa chati: mpira ukianza tu wauza mikeka wanamwaga namba zao, "odi za uhakika njoo inboksi". Nikamtafuta fundi, ana ofisi mjini na kiti cha kuzunguka, aniunganishie boti, yaani programu ya kufuta ule uchafu yenyewe. Laki na themanini, taslimu. Ikawashwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, ikapiga kazi, nikamwombea dua kabisa.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya mechi, kimya. Chati ikajaa mikeka na matusi ya nguoni, na baba mkwe yumo humo humo anaandika "hongera mwanangu". Nampigia fundi: "Muda wa boti umeisha bosi, kuhuisha ni elfu 15." Nikatuma, ikafufuka. Wiki nyingine ikafa tena, akasingizia bando langu. Iliyofuata, eti nimemaliza kwota, yaani mgao wa matumizi ambao YouTube inaipa programu kwa siku. Hapo nikashtuka. Kwota ya kawaida ni uniti 10,000 kwa siku, na inaanza upya usiku wa manane wa California, yaani saa nne au saa tano asubuhi kwetu. Ingekuwa kwota, Jumapili ningeikuta imeamka yenyewe kabla sijamaliza chapati. Lakini hii iliamka Jumamosi ile ile, elfu 15 yake ilipoingia tu.

Mara ya tano mpangaji mwenzangu, dogo anasoma kompyuta chuoni, akausoma ule ujumbe wa kosa, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe mradi wa boti kule Google, yaani pale boti inaposajiliwa, fundi kauacha kwenye hali ya majaribio. Mradi ukiwa hivyo, tokeni ya kuhuisha, yaani kibali kinachoiwezesha boti kuendelea kuingia kwenye chaneli, inaishi siku 7 tu. Ndiyo maana Jumamosi kwa Jumamosi, saa ile ile! Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kuuchapisha mradi, halafu unaipa boti ruhusa upya mara moja. Kitufe chenyewe bure.

Elfu 75 nimelipia kitufe, wakuu.

Nikasema nibonyeze mwenyewe. Wapi! Mradi umefunguliwa kwa akaunti ya fundi. Chaneli yangu, hela yangu, ufunguo mfukoni kwake. Dogo anasema tufungue mradi mpya kwa jina langu na tuiunganishe boti upya, ila programu yenyewe iko kwenye kompyuta ya fundi, hivyo ni kuandika kuanzia sifuri. Mwenye uzoefu aje hapa, hata kwa boti ya kufuta maneno tu inatosha.

Leo Ijumaa. Nimemwandikia anikabidhi mradi wangu. Kajibu sasa hivi: "Tulia bosi, kesho tuma 15 mapema nikuwashie kabla ya mechi."