Clerks (1994): wahakiki waliona nini humu?

Mpenda_Sinema: Wakuu, jana nimeangalia Clerks ya Kevin Smith. Picha nyeusi na nyeupe, jamaa wawili wanapiga soga dukani siku nzima, matusi kibao. Ikabeba tuzo kwenye matamasha ya filamu ya Sundance na Cannes! Kwa lipi?

Kaunta_Kwanza: Mkuu, umewahi kuuza duka? Mimi nilikaa la mjomba, Magomeni, miaka minne. Kuna mzee alikuwa anabonyeza mikate yote, kisha ananunua kiberiti. Humo kwenye filamu, Dante, yule muuza duka, kaitwa kazini siku yake ya mapumziko, na kila anayeingia ana kituko chake. Randal, rafiki yake, anawajibu wateja yale niliyokuwa nayameza. Halafu utani unamgeukia Dante mwenyewe: anapashwa kwamba analialia bure, hakuna aliyemfunga pale. Hapo sikucheka sana.

Smith mwenyewe, mwongozaji, alikuwa muuzaji wa duka hilohilo la kwenye filamu, New Jersey, Marekani. Mchana kazi, usiku kamera, kwa dola 27,575 hivi. Usiku haufichiki dirishani, basi akatunga kwamba mtu kajaza bigijii kwenye kufuli, shata hazifunguki. Ndiyo lile shuka lililoandikwa kwa kiwi ya viatu kwamba duka liko wazi. Shida ikageuzwa kichekesho!

Mama_Tunu: Sawa, ila baadhi ya waigizaji wanaongea kama wanasoma risala ya harusi.

Kaunta_Kwanza: Hilo sibishi, dada.

Mpenda_Sinema: Haa, kumbe bigijii! Narudia leo, ila kwa hedifoni. Mama mkwe yupo sebuleni.