Naomba ushauri: Mazda MX-5 ya 1992 inavuja oili nyuma ya injini

Assalaam aleikum ndugu zangu, hasa mafundi. Niko Malindi, gari ni MX-5 yenye injini ya 1.6. Oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi. Haina ile harufu kali ya oili ya gia, kwa hiyo naamini ni ya injini. Klachi bado inashika vizuri.

Gasketi ya tapeti kava tumeshabadilisha, bado inavuja. Nikaosha injini, ilipokauka nikapaka poda ya mtoto nyuma ya silinda hedi, nikaendesha hadi Watamu na kurudi. Poda imelowa kuanzia chini ya sensa ya kemshafti, michirizi ikateremka hadi kwenye giaboksi. Fundi wangu, na namheshimu sana, anashikilia ni sili ya nyuma ya krenkishafti, anataka kushusha giaboksi ili aifikie. Gari hili nalipenda, sitaki lifunguliwe bure.

Je, oringi (pete ya raba inayozuia oili) ya sensa hiyo ya kemshafti peke yake yaweza kuvujisha oili hadi ionekane kama sili ya krenki? Na oringi ya raba ya kawaida kutoka maduka ya spea Mombasa itastahimili oili ya moto, au nitafute ya Viton (raba maalumu ya kuhimili joto na oili)? Najua sensa huwekwa alama kabla ya kuchomolewa, taimingi isihame.

Shukrani sana.