Brauni za unga wa muhogo na korosho: katikati inabonyea, nifanyeje?

MamaChuno, Mtwara mjini

Habari zenu wapishi. Naomba mnisaidie, nimeshamaliza mayai tisa na nusu kopo la kakao, na Idi inakaribia.

Binti yangu ana miaka tisa. Mwaka jana tuliambiwa hospitalini asile tena ngano, hata chembe, utumbo wake hauiwezi. Maandazi, chapati, keki, vyote basi. Chakula cha kila siku hakitusumbui, sisi ni watu wa wali, samaki na ugali wa muhogo. Kinachonisumbua ni Idi. Idi iliyopita wenzake walikuwa wanapokezana sinia la keki barazani kwa shangazi yake, yeye amekaa na tende zake tatu mkononi. Hakulia. Alizipanga kwenye kiganja, akazihesabu, akazirudisha kwenye sahani. Usiku ule niliapa kwamba Idi ijayo sinia litatoka jikoni kwangu, na wenzake watakula anachokula yeye.

Nimechagua brauni, vile vikeki vizito vya chokoleti vya kukata vipande, kwa sababu anapenda chokoleti, halafu nilisikia brauni haitaki kuumuka sana kama keki. Vipimo nilivyopata ni vya ngano na siagi, mimi nikaweka vya nyumbani. Unga wa muhogo wa makopa (muhogo mkavu) ya mama kule Nanyamba, kikombe kimoja, sawasawa na ngano iliyoandikwa. Siagi gramu 200 nikaitoa, nikasaga korosho gramu 200 kwenye blenda, zile za vipande maana bei yake ni nafuu kuliko nzima. Mayai matatu, sukari kikombe, kakao vijiko vinne vya chakula, bekingi pauda kijiko cha chai. Naoka kwa mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, trei ndani, makaa juu ya mfuniko.

Mara zote tatu mambo ni yale yale. Nikifunua dakika ya ishirini imepanda, imejaa trei. Nikiipua, katikati inabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Pembeni kavu, katikati inanata menoni kama ugali usioiva. Na kuna kitu kinakwaruza meno. Ila ladha ya korosho, jamani! Harufu inafika hadi kwa jirani. Ndiyo maana sikati tamaa.

mwokaji_wa_Lindi

Pole sana dada. Nauza keki hapa Lindi mjini, mwaka wa saba sasa, na korosho imenifundisha mengi.

Kosa kubwa liko kwenye mafuta. Siagi, kila gramu 100, kama 80 ni mafuta. Korosho gramu 100 ina mafuta kama 45 hivi, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni wanga na protini. Kwa hiyo umetoa gramu 160 za mafuta ukarudisha 90, na juu yake umeongeza wanga kwenye unga ambao wenyewe ni wanga. Lazima pembeni pakauke. Weka korosho gramu 120 na mafuta ya alizeti au ya nazi gramu 100. Saga korosho zikiwa bado na joto la kukaangwa, usisimame zikiwa unga, endelea mpaka zilainike na uone mafuta yanang'aa ukingoni mwa blenda. Blenda ikipata moto ipumzishe.

Unga wa muhogo unakunywa maji kuliko ngano. Punguza, robo tatu ya kikombe inatosha, na ukishachanganya liache rojo dakika kumi na tano kabla ya kuoka, unga ulowane.

Bekingi pauda itoe kabisa. Ngano ina ule mnato unaoshika hewa, muhogo hauna. Ukiipandisha kwa nguvu haina kitu cha kuishikilia, inashuka. Isitoshe, kuna bekingi pauda zinazochanganywa na wanga wa ngano, na kwa huyo mtoto ni hatari, soma kopo. Hewa utaipata kwenye mayai: piga mayai na sukari mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chembe za sukari. Hapo ndipo inapotoka ile ngozi nyembamba inayong'aa juu.

Halafu usifunue dakika ya ishirini, na usiikate ya moto. Muhogo ukiwa moto unanata hata kama umeiva. Iache ipoe kabisa, ikilala usiku mmoja ni bora zaidi.

jikoni_tu

Samahani lakini brauni bila ngano na bila siagi ni keki ya muhogo tu. Mwambie mtoto ukweli, mpe jina lake.

mwalimu_Masasi

@jikoni_tu mimi sikubali. Brauni ni ya Marekani, na Hoteli ya Palmer House ya Chicago husimulia kwamba ilianzia jikoni kwao, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Bertha Palmer alitaka kitu kitamu, kidogo kuliko kipande cha keki, cha kutia kwenye visanduku vya chakula vya akina mama. Brauni yao ina jozi juu yake, zile njugu za Kizungu (walnut). Kwa hiyo mambo ya njugu na mbegu za mafuta yamo tangu mwanzo. Na ukitaka kufuata asili, kakao ilitoka Amerika ya Kusini, muhogo ulitoka huko huko, na mkorosho Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani yetu karne ya 16. Hivi vitu vitatu vilijuana kabla ya kufika Mtwara. Mtoto aite brauni.

BibiMikindani

Mwanangu MamaChuno, sijaoka hiyo brauni ila makopa nayajua kabla hujazaliwa. Hicho kinachokwaruza ni mchanga kweli au chembe za unga? Maana makopa ya siku hizi watu wanaanika chini. Chukua kijiko cha unga, koroga kwenye glasi ya maji, mimina taratibu, kisha pitisha kidole chini ya glasi. Utajua.

Na umuulize mama yako: ni muhogo mtamu au mchungu? Mchungu una sumu, unamenywa, unaloweshwa siku kadhaa, ndipo unaanikwa. Kama uliloweshwa na ukapata mawingu wakati wa kuanika, unga unakuwa na uchachu, ukiunusa unausikia. Kwa ugali hauna neno, kwa kitu kitamu utaudhi. Tafuta uliokaukia kwenye jua kali, juu ya mkeka.

Moto nao. Wali tunaupalia makaa mengi juu, machache chini. Wewe umewekaje?

MamaChuno

Shikamoo bibi. Nimefanya ya glasi sasa hivi na nimeona aibu kwa niaba ya mama yangu. Mchanga upo, chembe nne tano, kidole kinazisikia. Nimempigia simu, anasema muhogo ni mtamu, uwanja tu ndio ulikuwa na upepo siku ile. Moto nilikuwa nauweka mwingi chini. Nikidhani mchanga wa sufuria unaumeza.

BibiMikindani

Marahaba mwanangu. Geuza. Chini makaa matano, sita, ya juu yazunguke ukingo wa mfuniko, katikati yasiwe mengi.

mbangua_Newala

Dada, korosho zako za vipande ziangalie kama zina ile ngozi nyekundu ya ndani. Vipande mara nyingi vinabaki nayo, ni chungu na haisagiki, inakwaruza. Zikaushe kidogo kwenye kikaango, zisugue kwenye kitambaa kikavu, upepete. Na asije mtu hapa akajaribu kuchoma zenye ganda ndani ya nyumba kuokoa hela. Yale mafuta ya ganda yanababua, mikono yangu ina alama mpaka leo.

Juu mwagia ufuta uliokaangwa. Mabibo makavu, yale matunda ya mkorosho, pia yanafaa, yachemshe kwanza na chumvi kidogo kupunguza ule ukakasi, ukatekate.

mama_wa_wawili

Wa kwangu naye hali ngano. Unga wa muhogo ni salama, ila je, chekeche lako? Mwiko wa mbao? Kibao cha chapati? Hivyo vinashika ngano hata ukiviosha. Sisi tulinunua chekeche na mwiko mpya, tukavifunga utepe mwekundu, hakuna anayevigusa. Na siku ya Idi brauni zake zisikae sinia moja na maandazi. Watoto wanachukua huku na huku na vidole vile vile.

MamaChuno

Hilo la chekeche sikulifikiria kabisa. Nilikuwa natumia la zamani. Ahsante mno, nimelitoa jikoni.

Nimeoka jana usiku. Unga mpya nimeununua sokoni kwa mama anayeanika juu ya mkeka, nimeunusa kwanza kama bibi alivyosema. Korosho nimezisugua ngozi, nimesaga mpaka zikawa laini kama losheni. Mafuta nimeweka ya nazi. Mayai nimepiga kwa mkono, bega linauma. Dakika thelathini na tano sijafunua, nilikaa mbali na jiko makusudi.

Imepanda kidogo tu, haikubonyea. Juu ina ngozi kama karatasi, ukibonyeza kwa kidole inapasuka mistari midogo. Nikaiacha ilale. Asubuhi nimekata, kisu kimetoka na weusi mwembamba, ndani imeshikana, ina unyevu, haikwaruzi. Binti amekula kipande cha pembeni amesimama mlangoni na sare za shule, hajasema kitu, akachukua cha pili, akauliza, "Hiki naweza kumpelekea mwenzangu?"

Ufuta nitaweka siku yenyewe. Mwokaji_wa_Lindi, nikizidisha vipimo mara tatu kwa sinia zima, nioke trei tatu moja moja au niweke zote kwenye trei kubwa? Na bibi, makaa nayo niongeze mara tatu?