Kigoma–Dar na baiskeli ya mbio: ndege, treni au basi?

Mwana_Bangwe
Wakuu, habari za leo. Nina baiskeli yangu ya mbio, nataka niwe nayo Dar wiki ijayo. Jumamosi alfajiri naendesha na wenzangu mpaka Bagamoyo. Nipo njia panda: niipandishe ndege, nipande nayo treni, au niiweke kwenye buti la basi? Waliowahi kusafirisha naomba uzoefu wenu. Hii baiskeli nimeihangaikia miaka miwili, sitaki ifike mkweche.

FundiSpoku_Mwanga
Mkuu, umeuliza nusu. Ina kilo ngapi? Fremu ni chuma, alumini au kaboni? Boksi unalo? Tiketi umeshakata? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Mama_Kibirizi
Mwanangu, panda basi. Mimi natuma dagaa Dar kila mwezi. Unaelewana na utingo, unalipia mzigo wako, unapewa risiti, mtu wako anaupokea Mbezi. Sijawahi kupoteza gunia hata moja.

FundiSpoku_Mwanga
Mama yangu, shikamoo. Gunia la dagaa likilaliwa na mzigo mwingine halina shida. Baiskeli ikilaliwa upande wa cheni, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kigeuza gia cha nyuma kinapinda. Macho hayaoni kitu, lakini ukipanda na kuweka gia ya mlimani, kigeuza gia kinaingia kwenye spoku. Nimezipokea hapa karakana mbili za namna hiyo, zote zimetoka kwenye buti la basi.

Mnyamwezi_Ipuli
Mwangaluka wote. Treni, ndugu yangu, treni. Nimetoka Tabora na baiskeli mpaka Dar mara tatu. Unaikatia risiti ya mzigo, inaingia behewa la vifurushi, unaifunga imesimama. Angalizo ni moja: hapa Tabora treni inakaa muda mrefu, maana mabehewa ya Mwanza na Mpanda yanaungwa hapa. Shuka, nenda kauangalie mzigo wako kwa macho. Ila kama unaiwahi Jumamosi, usiondoke Kigoma Alhamisi. Ondoka mapema.

Mwana_Bangwe
Samahani wakuu, nilisahau. Fremu ni kaboni, kilo 8 na nusu. Boksi nitaomba duka la baiskeli. Tiketi ya ndege sijakata. Nilidhani kwa kuwa mzigo wa kilo 23 unaruhusiwa, na baiskeli ni nyepesi, nitapita bila neno.

Mjukuu_wa_Urambo
Kaka, kilo hazitakusumbua. Kinachosumbua ni ukubwa. Boksi la baiskeli lina kama sentimita 140 kwa 80 kwa 20. Jumlisha: 240. Mashirika mengi yanataka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi 158. Hapo unaingia kwenye fungu la vifaa vya michezo, ambalo lina masharti yake.

Naomba nieleze yaliyonikuta mimi, ingawa haikuwa baiskeli. Nilikuwa nasoma Innsbruck, Austria, mji uliozungukwa na milima. Huko vijana wengi wana mbao za skii, zile ndefu za kutelezea kwenye theluji. Nikanunua zangu za mtumba, urefu sentimita 170. Likizo tukaenda Norway kwa ndege. Nikajaza kila kitu kwenye begi moja refu: mbao, fimbo, koti, na vile viatu vyake vigumu vizito. Kaunta mizani ikasoma 27, kikomo 23. Nikalipia uzito uliozidi, pesa ambayo ningekodi mbao kule kule siku kadhaa. Kumbe viatu ningevibeba mkononi, mashirika mengi yanakubali. Fimbo ndizo haziingii ndani na abiria.

Tumefika, nimesimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukabaki mtupu. Sikujua kwamba mizigo mirefu inatolewa mlango wake wa pembeni. Nikakimbilia huko, nako hamna. Begi lilibaki tulipobadilisha ndege. Likaja siku ya tatu, zipu imepasuka, ule ukingo wa chuma wa ubao mmoja umebanduka kiasi cha kupitisha kidole. Likizo yote nikateleza kwa mbao za kuazima. Malalamiko nikayaandika siku ya 12 tangu nilipokabidhiwa begi. Nikajibiwa nimechelewa. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu upokee mzigo ulioharibika, na siku 21 kama umecheleweshwa tu. Siku 5 zikanikosesha haki yangu. Mpaka leo inaniuma.

FundiSpoku_Mwanga
Pole sana. Lakini huo mkataba ni wa safari za nchi na nchi. Kigoma–Dar ni ndani ya nchi, asome masharti ya tiketi yake. Mkuu, piga picha baiskeli kabla ya kufunga boksi, na ukifika fungua boksi hapo hapo uwanjani. Ukiona mkwaruzo, usitoke bila karatasi ya ripoti.

Katonga_Juu
Na atoe upepo wote kwenye tairi. Chini kule kwenye mizigo hakuna mgandamizo, zitapasuka.

Mjukuu_wa_Urambo
Hapana kaka. Sehemu ya mizigo kwenye ndege za abiria ina mgandamizo kama kwa abiria, sawa na mtu aliye mlimani mita 2,400 hivi. Tairi lenye upepo wa ba 7 (ba ni kipimo cha upepo) litaongezeka kama robo ya ba tu.

Katonga_Juu
Mimi kaunta walinitolesha wote. Utabishana nao?

FundiSpoku_Mwanga
Apunguze nusu, abaki na kiasi cha kulinda rimu. Wakimwambia atoe wote, atoe, pampu si anayo? Ila pampu zile za vichupa vya gesi asibebe bila kuuliza. Atoe pedali, ageuze usukani, ashushe siti. Na pale katikati ya uma wa mbele, gurudumu likitoka, aweke kipande cha mti. Kaboni ikibanwa hapo inapasuka.

Katonga_Juu
Jambo jingine: ndege za huku ni ndogo. Ikijaa, boksi linaweza kuachwa lije na ndege inayofuata. Apige simu siku mbili kabla, apate jibu la maandishi.

Mwana_Bangwe
Asanteni mno. Niseme ukweli wote: shangazi yuko Tabata, nimeahidi kumpelekea dumu la mawese lita 10 na migebuka mikavu. Vyote tiketi moja.

Mama_Kibirizi
Mawese usiweke karibu na baiskeli kabisa! Dumu jipya, usijaze mpaka juu, weka nailoni mdomoni ndipo ukaze kifuniko, halafu mifuko miwili, halafu ndoo yenye mfuniko. Nilimwagikiwa mara moja kwenye nguo za kitchen party, doa halikutoka.

Mnyamwezi_Ipuli
Migebuka na mawese kwenye ndege? Ndiyo maana nasema treni. Na ukipita Tabora nakuletea asali stesheni.

Mwana_Bangwe
Kesho naenda ofisi ya ndege na vipimo vya boksi, nikitoka hapo napita stesheni. Mama Kibirizi, kuna mtu wako anayeondoka kwa basi kabla ya Ijumaa? Walau mawese yatangulie.

Mama_Kibirizi
Yupo, anaondoka Jumatano. Ila sharti ulete ndoo.